Kodi ya majengo California: anayefaidi si bibi mstaafu peke yake

Tangu mwaka 1978, wapiga kura wa California walipopitisha Pendekezo la 13, watu wamezoea kusema kwamba sheria hiyo ni ngao ya wastaafu, wasije wakahamishwa na kodi kwenye nyumba zao. Hiyo ni nusu tu ya habari. Kodi iliwekewa kikomo cha asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo haipandishwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi mali ibadilishe mmiliki, ndipo inapothaminiwa upya kwa bei ya soko. Lakini ghorofa la ofisi lilipewa kinga ileile.

Tena nyumba huuzwa. Kampuni inaweza kukaa na kiwanja miongo kadhaa. Hata hisa zake zikiuzwa zote, maadamu hakuna mnunuzi mmoja aliyepita nusu, kwa kawaida jengo halithaminiwi upya.

Mwaka 2020, Pendekezo la 15 lilitaka mali kubwa za biashara zitozwe kwa bei ya soko, fedha za ziada ziende shule, miji na kaunti. Makazi hayakuguswa kabisa. Wapinzani walionya kwamba nyumba zingefuata, na lilishindwa kwa asilimia 52 dhidi ya 48.