Jamani, "anaendaga" haijaletwa na watoto wa simu

Wiki hii mzazi wa nne kaja na daftari la mtoto. Mi nafundisha tuisheni ya Kiswahili hapa Chikongola, Mtwara, jioni, na malalamiko ni yale yale. Safari hii baba mmoja kafungua insha mezani, kuna mstari umezungushiwa wino mwekundu: "Babu yangu huwa anaendaga shamba asubuhi kuokota korosho." Pembeni imeandikwa "lugha ya mtaani". Baba ananiambia ona mwalimu, simu zimewamaliza hawa watoto, Kiswahili kinakufa.

Hakifi! Na hiyo -ga sio ya mtaani. Ni kiambishi cha mazoea, wataalam wa lugha za Kibantu wanakifuata nyuma mpaka kwenye Kibantu mama, ile lugha iliyozaa lugha zote za Kibantu, miaka elfu kadhaa huko, kabla hata Kilwa haijawa mji. Msukuma anacho mpaka leo, Mkikuyu anacho. Kiswahili cha pwani kikabaki na hu- (babu huenda shamba), alafu watu wa bara walipoanza kuongea Kiswahili wakaja na -ga ya kwao, watoto wao wakaisikia, ikaenea nchi nzima mpaka ikatufikia huku Kusini. Lugha zinabadilika hivyo, mtoto haigi kitabu cha sarufi, anaiga wenzake anaocheza nao, na watu wa lugha mbili wakiishi pamoja kila mmoja anachukua kitu cha mwenzie. Kuna wanaosema ni uvivu wa vijana, sasa mvivu gani anaongeza silabi?

Nilimwambia yule baba, kwenye mtihani aandike "huenda", basi, maana mtihani unataka sanifu. Nyumbani muache aongee. Ukimkatiza kila sentensi ataacha kukusimulia kabisa, ninao watoto wa hivyo, ukiwauliza jina tu wanainama. Na hiyo sanifu ni Kiunguja kilichochaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, wakati Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, nacho kilikuwa na watetezi wake. Kingepita Kimvita, wino mwekundu ungekuwa unazungushiwa maneno mengine.

Kingine ni "Kiswahili safi cha zamani". Kipi hicho? Hesabu moja mpaka kumi, sita, saba na tisa tumezipata kwa Waarabu, za kwetu zilikuwa tandatu, fungate na kenda. Fungate bado unaijua, ndo zile siku saba za maharusi. Shule na hela katuachia Mjerumani, meza na leso Mreno, hata nanasi lilikuja na jina lake toka Amerika ya Kusini kwa mkono wa Mreno huyo huyo.

Kwahiyo Kiswahili ni Kiarabu? Hapana, na hili nimelichoka. Maneno yanaazimwa, mifupa ni ya Kibantu. Kitabu kimetoka kwenye Kiarabu lakini sisi tumeiona ile ki- tukasema vitabu, kama kiti na viti. Alafu sikiliza majirani: sisi tunasema mtu, Myao mundu, Mmakonde munu, Mmakua mutthu. Neno moja hilo, kila lugha imelisaga kivyake.

Na msiniambie Kimakonde ni lahaja ya Kiswahili au hakina sarufi. Ni lugha kamili, ndugu wa Kiswahili, ina ngeli zake na nyakati zake.

Kubadilika hakuui lugha. Lugha inakufa watoto wakiacha kuiongea, hapo ndo ningependa mzazi aje kwangu na hofu. Nilimuuliza yule baba kama mwanae anaweza kumsalimia bibi yake kule Newala kwa Kimakonde. Akasema hawezi, na hata yeye mwenyewe anakisikia tu, kukiongea kunampa shida.