Zebaki ni metali. Sayari ni Utaridi

Juzi nilifungua daftari la mpwa wangu wa darasa la sita nikakuta ameandika, kwa mwandiko safi kabisa: "Zebaki ni sayari iliyo karibu zaidi na jua." Pembeni mwalimu ameweka alama ya vema. Kosa hili nimeliona mara nyingi mno, tena kwa watu wazima.

Zebaki ni elementi ya kimetali, alama yake Hg, namba yake ya atomi 80, nayo ndiyo metali pekee iliyo kimiminika katika halijoto ya kawaida. Hupatikana hasa katika madini mekundu ya sinabari, na imetumika sana katika vipimajoto, taa na kuziba meno.

Jina lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, ambacho nacho kililitoa katika Kiajemi, na kote huko halihusiani na nyota. Wanaalkemia, watu wa kale waliojaribu kugeuza metali kuwa dhahabu, walikuwa wakiipa kila metali sayari yake: dhahabu kwa jua, fedha kwa mwezi, na metali hii itiririkayo kwa sayari iendayo mbio kuliko zote, ambayo tayari ilikuwa na jina la mungu wa Kirumi, Mercurius. Hivyo Kiingereza kikabaki na neno moja kwa vitu viwili. Anayefasiri orodha ya sayari bila kulijua hilo huandika Zebaki, ilhali Kiswahili kina Utaridi siku zote, bega kwa bega na Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

Ningelinyamazia jambo hili lau zebaki ingekuwa neno la vitabuni tu. Huko Geita na Chunya wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga wa dhahabu uliosagwa, wakaikamua kwa kitambaa hadi libaki donge la rangi ya fedha, kisha wakalichoma, mara nyingi bila chombo cha kunasa mvuke. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, nao ukivutwa hudhuru ubongo, neva na figo. Zebaki inayofika majini hugeuzwa na bakteria kuwa methilizebaki na kulimbikizana katika samaki. Ndiyo sumu iliyowalemaza wakazi wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956. Mtoto anayesoma onyo kuhusu zebaki anapaswa kujua linahusu kitu gani.

Mwalimu nitamweleza kwa upole. Mpwa wangu amekwisha kulikata neno lile kwa mstari mmoja na kuandika juu yake: Utaridi.