Mwani una la kusema kuhusu dawa
Mkazi wa Umoja, Nairobi, akiona ukijani kwenye tangi la maji hukimbilia brashi. Kitu hicho, wengi hudhani, hakiwezi kutufunza lolote kuhusu dawa za binadamu. Si kweli. Chlamydomonas, mwani wa seli moja, una kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho kaboniki anhidrasi, kinachogeuza kaboni dioksidi na maji kuwa bikaboneti. Macho yetu yanacho pia, na dawa iitwayo asetazolamidi hukizuia ili kushusha presha ya jicho. Dawa hiyo hupenya seli ya mwani kwa shida, hivyo huzima hasa kimeng'enya kilicho nje ya seli, si kile cha ndani. Ethoksizolamidi, dawa ya jamii hiyohiyo, huingia hadi ndani. Linganisha usanisinuru chini ya kila moja, kaboni dioksidi ikiwa haba, na utajua kimeng'enya kipi kinahitajika wapi. Usalama kwa mgonjwa ni kesi nyingine: mwani hauna ini wala figo.