Kwa nini safari ya kurudi hailingani na ya kwenda

Kazi yangu ni kupanga safari za ndege: rubani akifika, nimeshachora njia na kukadiria mafuta na muda. Watu huniuliza mji huu hadi ule ni kilomita ngapi, kisha wanagawanya kwa kasi ya ndege na kudhani wamemaliza. Ningefanya kazi hivyo, ningeshafukuzwa zamani.

Umbali ndio sehemu rahisi. Chukua tufe la dunia, bana ncha moja ya uzi Madrid na nyingine New York. Miji hiyo iko karibu kwenye latitudo moja, nyuzi 40 na nusu hivi kaskazini, na ramani ya ukutani itakuambia unyooshe tu magharibi. Ukaze uzi uone: unapanda hadi kama nyuzi 46, ndipo unashuka. Njia hiyo ni kilomita 5,770 hivi. Ukiambaa na mstari wa latitudo, unaongeza kama 170. Abiria anayeona ule upinde kwenye skrini hudhani anazungushwa, kumbe anakatishwa njia ya mkato.

Kwenye muda ndiko kwenye kazi. Ndege hukata hewa, na hewa yenyewe inatembea. Nahodha wa jahazi hahitaji kuelezwa hili. Ndege kubwa ya abiria huenda kama kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa, lakini huko juu, kilomita 9 hadi 12, kuna mikondo ya upepo mkali inayotoka magharibi kwenda mashariki. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege moja ya abiria ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Umbali ni kilomita 5,540 hivi, na kwa kawaida safari hiyo huchukua zaidi ya saa 6. Kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, ila haikuvunja mwendo wa sauti. Ndani ya hewa iliyoibeba ilikuwa na mwendo wake wa kila siku.

Hapo mtu huniambia: basi upepo unaokuchelewesha ukienda utakufidia ukirudi. Haufidii. Chukua kilomita 5,400 na upepo wa kilomita 100 kwa saa. Ukiukabili, unakwenda 800, saa 6 na dakika 45. Ukikusukuma, unakwenda 1,000, saa 5 na dakika 24. Jumla ni saa 12 na dakika 9, ilhali bila upepo zingekuwa 12 kamili. Sababu ni kwamba unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo mbaya kuliko ndani ya mzuri. Dakika 9 hizo ni mafuta, na mafuta hayo lazima niyapakie.

Muda wa kwenye tiketi ni mwingine tena. Huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inaposimama, foleni ya kuruka ikiwemo. Na saa zinazoandikwa ni za kila mji. Ukiondoka New York saa 1 usiku ukafika London saa 1 asubuhi, usitoe kirahisi ukapata 12. London kwa kawaida iko mbele kwa saa 5, kwa hiyo umesafiri saa 7.