Marejeo mengi si hoja

Wanafunzi wengi huamini kuwa insha yenye marejeo 20 ndiyo yenye hoja nzito. Sivyo. Chukua dai kwamba Wareno ndio walioiua Kilwa, mji wa kale wa biashara katika pwani ya Tanzania ya leo. Unaweza kurundika vitabu kumi vinavyosimulia uvamizi wa 1505. Vyote vitathibitisha kwamba mji ulishambuliwa, si kwamba ulikufa kwa sababu hiyo. Hoja huanza unapoeleza kiungo: uvamizi uliivurugaje biashara ya dhahabu ya Sofala (bandari ya Msumbiji ya leo), iliyoitajirisha Kilwa? Kisha tafuta ushahidi unaokupinga, nao upo: Wareno waliondoka 1512, na katika karne ya 18 Kilwa ilichangamka tena, safari hii kwa biashara ya watumwa. Basi punguza dai: waliudhoofisha mji, hawakuumaliza. Msahihishaji makini (wapo!) hutoa alama hapo.