Mtoto kuimba moja mpaka ishirini bado siyo kuhesabu (na gemu nyingi za namba hazijui hilo)

Wazazi wengi wakija ofisini kwetu hapa Arusha, tunapotengeneza gemu ya namba ya watoto, wananiambia kwa furaha mwanangu ana miaka mitatu anahesabu mpaka ishirini, na kweli mtoto anaimba wala hakosei, sasa namwekea ndizi mbivu tano mezani namwambia mtoto hebu nipe tatu, anazoa zote ananikabidhi huku anacheka. Siyo kwamba hajui kitu, ni hatua tu. Karen Wynn, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1990 kuhusu zoezi hilohilo la "nipe": mtoto anaelewa kwanza moja, baadae mbili, halafu tatu, katikati hapo inapita miezi, ndo siku moja anashtukia kumbe lile neno la mwisho ukihesabu ndo idadi ya vitu vyote.

Gemu nyingi za kwenye simu hapo ndo zinapotuangusha. Tarakimu 3 inaruka ruka, sauti inasema tatu, mtoto anagusa, makofi! Kajifunza umbo la 3, wingi wake hajauona. Gemu tunayotengeneza sisi ni genge: mteja anakuja anasema naomba mayai manne, mtoto anaburuta yai moja moja kwenye kikapu, na gemu haimkatizi akifika la nne, mpaka yeye mwenyewe aguse kikapu kumwambia mteja tayari. Hicho kitufe cha tayari mimi nakithamini kuliko rangi na miziki yote, maana pale ndo mtoto anaamua kwamba zimetosha.

Halafu Kiswahili chenyewe. Mafundi programu wanapenda kurekodi namba mara moja wabandike kila mahali, unasikia simu inasema "mayai tatu, viazi mbili", jamani! Moja mpaka tano na nane zinafuata ngeli kwahiyo unarekodi mayai matatu, viazi vitatu, mbuzi watatu, ni kazi ndio, ila sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki hapo unapumua. Tena lugha yetu inatusaidia, kumi na moja inajieleza yenyewe ni kumi ukaongeza moja, mtoto wa Kiingereza anakariri maneno mapya kabisa ya 11 na 12, kwahiyo kwenye skrini tunaonyesha fungu la kumi limekaa pamoja na yai moja pembeni.

Kosa letu kubwa lilikuwa mbuzi. Toleo la kwanza ukikosea mbuzi analia meee, ukipatia unapewa nyota. Tukaipeleka chekechea moja Moshi, siku ya pili darasa zima linakosea makusudi wamsikie mbuzi, nyota hakuna aliyekuwa na habari nayo. Siku hizi ukikosea mteja anahesabu kwa sauti, mayai yanawaka moja moja, anasema haya matano, mimi nimeomba manne, mtoto anatoa moja. Mbuzi tumemhamishia kwenye jibu sahihi.

Muda: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, mtoto wa miaka mitatu au minne asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Gemu yetu mteja anafunga genge baada ya dakika kumi. Hapo mpe vifuniko vya soda aendelee kuuza mwenyewe jikoni, wewe uwe mteja, na usimsahihishe haraka, muombe vitatu halafu nyamaza uone anakuletea vingapi.