Mdudu si sindano: dhana potofu kuhusu wadudu na magonjwa wanayoeneza

"Mbu akimuuma mwenye virusi vya Ukimwi kisha akakuuma wewe, umeambukizwa."

Hapana. Hofu hii hutokana na kumfikiria mbu kama sindano: avute damu huku, aitie kule. Mdomo wake una mifereji miwili; mmoja hupeleka damu tumboni, mwingine hutoa mate. Anachokuachia ni mate, si damu ya mtu aliyetangulia. Virusi vya Ukimwi vikifika tumboni mwake humeng'enywa pamoja na damu, na mambo huishia hapo.

Kimelea cha malaria ni habari nyingine. Chenyewe huzaliana ndani ya mbu, hupenya ukuta wa tumbo, hukulia kwenye kijivimbe upande wa nje, ndipo husafiri hadi kwenye tezi za mate. Daktari Mwingereza Ronald Ross aliviona vijivimbe hivyo kwa darubini mwaka 1897. Safari nzima huchukua takriban siku 10 hadi 14, kutegemea joto, na mbu wengi hufa kabla haijatimia. Hapa ndipo thamani ya chandarua chenye dawa ilipo, na natamani watu wengi zaidi waijue: kila mbu anayekufa mapema hufa na vimelea visivyokomaa, kwa hiyo nyumba nyingi zikitumia chandarua, hata jirani asiye nacho hupata nafuu.

"Mbu wote wanaeneza malaria, na wote huuma usiku."

Malaria huenezwa na mbu jike wa aina ya Anopheles peke yake. Dume hanywi damu kabisa. Jike huihitaji ili mayai yake yakomae. Lakini usimpuuze Aedes aegypti, yule mweusi mwenye mabaka meupe miguuni. Huyu huuma mchana, na ndiye mwenye dengue, chikungunya na homa ya manjano. Wala hahitaji bwawa. Ndoo au tairi lenye maji kidogo linamtosha. Hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Ukimwaga maji bila kusugua chombo, mayai yamebaki pale pale yakisubiri maji mengine. Sugua, kisha funika.

"Asipouma, haambukizi."

Konokono wa majini haumi mtu, lakini bila yeye hakuna kichocho. Vimelea hutoka mwilini mwake, huogelea, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache. Kuchemsha maji ya kunywa hakumkingi anayeoga au kufua ziwani. Na konokono naye huambukizwa na sisi, kwa mkojo na kinyesi vinavyoingia majini, ndiyo maana choo ni kinga ya kichocho kama ilivyo dawa.

Chawa wa mwili huuma, lakini taifasi (homa kali ya bakteria, si taifodi) haipiti mdomoni mwake. Bakteria wamo kwenye kinyesi chake, nawe unapojikuna unawaingiza mwenyewe kwenye mkwaruzo.

"Kunguni wanaambukiza magonjwa."

Wanawasha, wanakosesha usingizi, wanatia watu aibu wasiyostahili. Lakini haijathibitika kwamba hueneza ugonjwa wowote kwa binadamu.

"Tauni ikiingia, ua panya haraka."

Kosa hili ni la hatari. Tauni kwa kawaida hubebwa na viroboto wanaoishi kwenye manyoya ya panya. Panya akifa na kupoa, viroboto humhama kutafuta damu yenye joto, na aliye karibu huenda akawa mtu. Viroboto ndio hunyunyiziwa dawa kwanza, panya baadaye. Ukiona panya wanakufa ovyo bila kutegwa wala kuwekewa sumu, usiwaguse kwa mikono mitupu. Toa taarifa kwa wahudumu wa afya. Na mtu akipata homa kali pamoja na mtoki wenye maumivu kinenani au kwapani, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa tauni inatibika kwa antibiotiki zikianzwa mapema.